Jaribio la kidijitali linampima mwanafunzi, au linapima macho yake?

Swali: "Ninafundisha sayansi darasa la wanafunzi 43. Kila mwisho wa wiki nawapa jaribio la kidijitali: maswali kumi ya kuchagua, sekunde 30 kila swali, na majina ya wanaoongoza yanaonekana ukutani kwa projekta. Darasa linachangamka kweli. Lakini wapo wanne wanaonikosesha raha. Mmoja ana ualbino na haoni vizuri. Mmoja ni kiziwi. Wa tatu anasoma polepole mno, ingawa ukimuuliza kwa mdomo anajibu kuliko wengi. Wa nne mikono yake hutetemeka. Wote hawavuki alama nne kati ya kumi. Nilipotaka kuwaongezea muda, mkuu wangu alisema huo ni upendeleo kwa sababu kompyuta inasahihisha wote sawa. Nifanyeje bila kutunga majaribio manne? Na alama zao za nyuma nizifanyie nini?"

Mwalimu, niruhusu nianze na hoja ya mkuu wako, maana hiyo ikieleweka mengine yatakuwa mepesi. Ni kweli kompyuta inasahihisha wote sawa. Lakini kusahihisha ni hatua ya mwisho kabisa. Kabla jibu halijafika kwenye kompyuta, mwanafunzi ameshapita milango saba: ameliona swali, amelisoma, amelielewa, amekumbuka ulichomfundisha, amepambanua jibu, kidole chake kimegusa mahali sahihi, na yote hayo ameyamaliza kabla muda haujakatika. Katika milango hiyo, wewe kama mwalimu wa sayansi umekusudia kupima miwili tu, kukumbuka na kupambanua. Mitano iliyobaki ni njia ya kufika hapo. Mwanafunzi akikwama kwenye mlango wa kwanza, kompyuta haijui kwamba alikwama huko. Inaandika sifuri ileile ambayo ingempa mtu asiyejua somo.

Samuel Messick, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika kwa kina kuhusu uhalali wa mitihani, alilipa jambo hili nafasi kubwa katika maandishi yake ya mwaka 1989: alama huchafuka pale inapopanda au kushuka kwa sababu ya kitu ambacho mtihani haukukusudia kukipima. Kwa hiyo unapomwongezea muda mwanafunzi asiyeona vizuri, humpi alama hata moja. Unaondoa uchafu ulioingia kwenye kipimo chako. Na kama mkuu wako ni mtu wa kanuni, mwelekeze kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara ya 24 inazungumzia elimu na inataka mwanafunzi apatiwe marekebisho yanayofaa kulingana na mahitaji yake, na ibara ya 2 inasema wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi.

Sasa tuje kwenye jaribio lenyewe. Ningeanza na kipima muda kuliko kitu kingine chochote.

Chukua swali la kawaida. Sentensi ya swali ina maneno 20, na kila moja ya majibu manne ina maneno 12. Jumla ni maneno 68. Mtu anayesikiliza swali hilo likisomwa na simu kwa mwendo wa kawaida wa maneno 150 kwa dakika atatumia sekunde 27 kulisikia mara moja tu. Zinabaki sekunde tatu za kufikiri, kurudia jibu alilolisahau na kubofya. Anayesoma polepole yuko pabaya hivyohivyo, na anayekuza maandishi hadi swali lisienee kwenye kioo inabidi ahame huku na huko kulitafuta neno linalofuata. Jiulize kwa dhati: katika somo la wiki hii, kasi ni sehemu ya ulichofundisha? Ukipima kuandika kwa taipureta au kusoma kwa ufasaha, jibu ni ndiyo. Kwa usanisinuru au sumaku, sioni sababu. Basi ondoa kipima muda kwa darasa zima. Hapo hakuna aliyeongezewa wala aliyepunguziwa, na mzozo wako na mkuu unakwisha wenyewe.

Kama kipindi ni kifupi na lazima pawe na ukomo, weka muda wa jaribio lote badala ya muda wa kila swali, ili kila mtu augawe anavyoweza. Na pale ambapo ukomo hauepukiki kabisa, mpe nyongeza anayeihitaji. Moodle, jukwaa la kufundishia mtandaoni, kwa mfano, ina sehemu ya kumwekea mwanafunzi mmoja au kikundi muda tofauti ndani ya jaribio lilelile, bila wenzake kuona. Nyongeza si jambo geni hata kwenye mitihani mikubwa: SAT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo kikuu Marekani, hutoa asilimia 50 au 100 ya muda zaidi kwa watahiniwa walioidhinishwa.

La pili ni ule ubao wa washindi ukutani. Najua unalichangamsha darasa, nimeona jinsi watoto wanavyoruka juu jina linapopanda. Lakini mtazame yule anayesoma polepole. Akishajua kwamba jina lake litakaa chini kila wiki mbele ya wenzake 42, anajifunza kubofya chochote haraka ili angalau asiwe wa mwisho kumaliza. Kuanzia hapo majibu yake hayakuelezi lolote kuhusu anachojua, na wewe umepoteza sababu ya kumpima. Mimi ningeuzima. Ukitaka shangwe ibaki, onyesha alama ya darasa zima na mshindane na alama yenu ya wiki iliyopita.

Sasa wanafunzi wako mmoja mmoja, ingawa utaona kwamba karibu kila ninachokisema kwa ajili ya mmoja kinawasaidia wengine wengi ambao hawajawahi kukuambia shida zao.

Mwenye ualbino mara nyingi huwa na uoni hafifu, na mwanga mkali humuumiza macho. Projekta ukutani ni mahali pabaya kabisa pa kumwekea swali. Swali lote, pamoja na majibu, lionekane kwenye kifaa anachokishika mkononi, aweze kukisogeza karibu, kukuza maandishi na kubadili mandhari kuwa nyeusi yenye maandishi meupe. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, inayojulikana kwa kifupi kama WCAG, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na mtu aweze kuyakuza hadi asilimia 200 bila kupoteza kitu. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe, ambayo wasanifu wanayapenda sana, mara nyingi hayafiki uwiano huo. Jaribu kwanza kwa macho yako: toka nje juani na simu yako, punguza mwangaza wa kioo, ulisome jaribio. Usipoweza wewe, yeye hawezi hata akiwa ndani.

Hapohapo angalia rangi. Majukwaa mengi huonyesha jibu sahihi kwa kijani na kosa kwa nyekundu, basi. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mmoja kati ya 12 ana shida ya kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani. Katika jamii nyingine idadi ni ndogo zaidi, lakini wapo kila mahali, na wengi hawajijui. Rangi iandamane na neno au umbo. Kahoot, jukwaa la majaribio ya mashindano, ilifanya vizuri hapa, maana kila rangi ya jibu ina umbo lake: pembetatu, umbo la almasi, duara na mraba.

Mwanafunzi wako kiziwi anahitaji jambo ambalo walimu wengi hulisahau. Tunadhani kwa kuwa jaribio limeandikwa, kwake halina tatizo, tukiweka tu maandishi kwenye video. Maandishi kwenye video ni ya lazima, sawa. Lakini kwa viziwi wengi lugha ya alama ndiyo lugha ya kwanza, na Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili yenye sarufi nyingine kabisa. Swali kama "Ni kipi kati ya vifuatavyo ambacho kisipokuwepo hakitauzuia mmea usiendelee kutengeneza chakula chake?" ni mtihani wa sarufi uliovaa koti la sayansi. Liandike upya: "Mmea unatengeneza chakula. Kitu gani hauhitaji?" Umepunguza ukanushaji wa tabaka tatu hadi mmoja, na hujapunguza sayansi hata chembe. Majina ya somo yaache, maana hayo ndiyo uliyofundisha. Kinachopunguzwa ni maneno yanayoyazunguka. Kama yupo mtu anayejua lugha ya alama vizuri, mrekodi akiuliza maswali magumu zaidi na ubandike video fupi juu ya swali. Hakikisha tu kwamba ishara anayoitumia haichori jibu lenyewe. Ishara nyingi zinafanana na kitu zinachokitaja, na hilo hutokea bila mtu kukusudia.

Ukanushaji nauchukia kwa sababu nyingine pia. "Lipi SI sahihi?" linategemea neno la herufi mbili. Msomaji wa haraka hulipita, na kifaa cha kusoma kwa sauti hulitamka bila mkazo wowote hata ukiliandika kwa herufi kubwa. Vilevile "Yote hapo juu ni sahihi" humlazimisha anayesikiliza abebe majibu matatu kichwani kwa wakati mmoja. Unapima kumbukumbu ya muda mfupi bila kujua.

Yule anayesoma polepole mwache asikilize. Simu nyingi zina uwezo wa kusoma maandishi kwa sauti, na vipokea sauti vya masikioni vinatosha asiwasumbue wengine. Hapa kuna kikwazo ambacho sisi tunaotunga kwa Kiswahili tunakutana nacho sana. Kifaa kinachosoma hutazama kwanza lugha iliyotajwa na ukurasa. Kama jukwaa lako limewekwa Kiingereza, kifaa kitasoma Kiswahili chako kwa matamshi ya Kiingereza, na maneno kama "mmea", "ng'ombe" na "nguvu" yanageuka makelele. Tafuta kwenye mipangilio ya jukwaa sehemu ya lugha, uchague Kiswahili. Kisha hakikisha simu ina sauti ya Kiswahili. NVDA, kisoma skrini (programu inayotamka kwa sauti kilichoko kwenye kioo) cha bure cha kompyuta za Windows, huja na sauti ya eSpeak inayojua Kiswahili, ya kimashine kidogo lakini inaeleweka. Na usiandike swali ndani ya picha, yaani usipige picha ukurasa wa kitabu na kuubandika. Kwa kifaa, picha ya maandishi ni ukuta mtupu.

Kuna mpaka, na nausema kwa sababu wengine huuruka. Ikiwa unachopima ni kusoma kwenyewe, kwa mfano kama mtoto anaweza kuunganisha herufi na sauti, basi kumsomea kunaharibu kipimo. Hapo muda wa ziada na maandishi makubwa yanafaa, sauti haifai. Kwa asiyeona, nukta nundu ndiyo kusoma kwake. Katika jaribio la sayansi mpaka huo haukuhusu, msomee bila wasiwasi.

Na akiandika? Kwenye maswali ya kujaza nafasi, kompyuta inalinganisha herufi kwa herufi. Mwanafunzi anayeandika "usanisi nuru" kwa nafasi katikati, au "usanisinulu" kwa sababu kwao r na l hazitofautiani, anapata sifuri ingawa anaujua mchakato wote. Majukwaa mengi yanakuruhusu kuorodhesha majibu zaidi ya moja yanayokubalika. Pitia majibu yaliyokataliwa wiki ya kwanza, na kila tahajia inayoonyesha kwamba mtoto anajua, iongeze kwenye orodha. Baada ya wiki chache orodha yako itakuwa imeshiba. Jambo dogo: ule mstari wa nafasi tupu unaouchora, visoma skrini vingine huusoma kama alama kumi mfululizo na vingine huupita kimya. Andika "neno linalokosekana" badala yake.

Kwa mwenye mikono inayotetemeka, adui ni maswali ya kuburuta kitu na kukidondosha mahali pake. Toleo la 2.2 la WCAG, la mwaka 2023, linataka vitendo vya kuburuta viwe na njia mbadala ya kugusa tu. Kwenye maswali ya kuoanisha tumia menyu kunjuzi, yaani orodha inayofunguka ukiigusa, au andika namba na herufi. Vitufe viwe vikubwa na viachane. Na kabla jibu halijatumwa, jukwaa limruhusu kulibadilisha, kwa sababu kidole kilichoteleza si jibu.

Niongeze habari ya picha, ingawa hukuuliza, kwa kuwa sayansi bila michoro haiwezekani. Kila picha inahitaji maelezo ya maandishi ambayo kisoma skrini kitayatamka. Nilipoanza kutunga majaribio ya namna hii niliandika maelezo kwa bidii sana, na chini ya mchoro uliouliza "Sehemu hii inaitwaje?" nikaandika "Picha ya jani". Mwanafunzi asiyeona alipata alama zote za michoro, akaja mwenyewe kuniambia kwamba sikumpima. Aliniuliza kwa nini sikumwamini kwamba angeweza. Tangu siku hiyo naeleza umbo bila kutaja jina: "Sehemu bapa, ya kijani, iliyoshikamana na shina kwa kikonyo chembamba." Grafu ni kazi zaidi. Ukipima kama anaelewa data, mpe jedwali la namba zilezile. Ukipima usomaji wa grafu yenyewe, anahitaji grafu yenye mistari iliyoinuliwa aishike kwa vidole. Picha ya mapambo itoe tu, inakula bando la wenye simu dhaifu na haimfaidishi yeyote.

Hilo la simu linanikumbusha kwamba kikwazo cha kawaida kuliko vyote si macho wala masikio, ni kutokuwa na kifaa. Kama wanafunzi wako wanagawana simu, yule asiye na yake hujibu wa mwisho, akiwa na pupa, na simu ina asilimia tano za chaji. Plickers hutatua sehemu ya tatizo hili: kila mwanafunzi hupewa kadi ya karatasi yenye umbo lake, anaigeuza upande wa jibu lake, na simu moja, yako, inazisoma kadi zote kwa kamera. Kwa asiyeona, toboa matundu madogo kwenye kila ukingo, moja kwa A, mawili kwa B, na kuendelea, ataigeuza kwa kupapasa. Toleo la karatasi la jaribio lilelile nalo liwepo daima. Halipunguzi hadhi ya jaribio.

Faida kubwa ya jaribio la kidijitali, kwa maoni yangu, iko baada ya jibu. Katika utafiti wa mwaka 2006, wanasaikolojia Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma, kisha wengine wakarudia kuvisoma na wengine wakajaribiwa. Waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojaribiwa ndio waliokuwa mbele. Jaribio lenyewe linafundisha. Basi usiache kompyuta iseme "Umekosea" na kupita. Kwa kila jibu lisilo sahihi andika sentensi moja inayoeleza mtu aliyelichagua amechanganya nini na nini, kisha mruhusu ajaribu tena. Anayesoma polepole atarudia mara tatu nyumbani bila mtu kumwona, na huo ni msaada ambao darasa la watu 43 haliwezi kumpa.

Kabla hujalituma jaribio la wiki ijayo, lifanye mwenyewe macho yakiwa yamefumbwa. Washa kisoma skrini kilichomo kwenye simu: kwenye Android ni TalkBack, kwenye iPhone ni VoiceOver. Telezesha kidole kulia kwenda kipengele kinachofuata, gusa mara mbili kuchagua. Kwenye kompyuta weka panya pembeni, utumie Tab, mishale na upau wa nafasi peke yake. Dakika kumi zitakuonyesha mengi kuliko barua yangu yote.

Ukishapata matokeo, usiyasome kwa majina peke yake. Yasome pia kwa aina ya swali. Kama mmoja anakosa kila swali lenye picha na kupata yote yasiyo na picha, umepata tatizo la swali. Kama anafanya vizuri mwanzoni na kuporomoka kuanzia swali la sita, uchovu au muda umeingia. Kama darasa zima limekosa swali la saba, rudi ukalifundishe upya au ulifute.

Usiwatangazie wanne hao marekebisho mbele ya wenzao. Waulize wanafunzi wote 43, kwa karatasi au faragha: mngependa kusoma au kusikiliza, kugusa au kuandika, simu au karatasi? Utashangazwa na idadi ya mikono utakayoipata nje ya wale uliowafikiria.

Kuhusu alama za nyuma, usiziongeze kwa huruma, na usiziache kama zilivyo. Keti na kila mmoja kwa dakika 15, chukua maswali kumi kutoka majaribio ya muhula, umuulize kwa njia inayomfaa: kwa mdomo, kwa lugha ya alama kupitia mkalimani, kwa maandishi makubwa. Swali alilolikosa kwenye simu na sasa amelijibu, mpe alama yake. Ambalo bado halijui, libaki kosa, na hilo ndilo utakaloanza nalo kumfundisha. Andika pembeni mwa daftari la alama tarehe na namna ulivyompima, ili mkuu wako akiuliza uwe na cha kumwonyesha.